Bati Jeusi Lisilong'aa Hunasa Joto la Jua

UFUNDI KIJIJINI

 

Mwezi huu tutajifunza kazi moja ndogo. Kazi yenyewe ni kupaka bati rangi nyeusi. Huenda utasema, "Hiyo nayo ni kazi ya kufundishwa?" Ndiyo, ni kazi ya kufundishwa. Bati likipakwa vizuri, hunasa joto la jua na kukausha mboga zako upesi. Likipakwa vibaya, mboga hunuka, huchelewa kukauka, na mwisho huota ukungu.

Wananchi wa Wilaya ya Chemba hawahitaji kuambiwa ubaya wa ukungu. Mwaka 2016 ugonjwa mkubwa ulitokea katika mikoa ya Dodoma na Manyara. Chemba na Kondoa zilikuwa miongoni mwa wilaya zilizopatwa. Watu waliumwa matumbo, walitapika, macho yao yakawa ya manjano. Watu 68 waliugua, na kati yao 20 walifariki. Wengi walikuwa watoto. Uchunguzi ulionyesha kwamba walikula mahindi yenye sumukuvu, yaani sumu inayotokana na ukungu. Mahindi hayo hayakutoka mbali. Yalitoka katika mashamba na maghala yao wenyewe.

Sumukuvu haionekani kwa macho. Haiishi kwa kupika. Haiishi kwa kukausha chakula ambacho kimekwisha kuota ukungu. Njia ya kujikinga ni moja: kausha chakula mapema, kikauke kabisa, kisha kihifadhi mahali pakavu.

Basi tuone jinsi jua letu linavyoweza kutusaidia.

TATIZO LETU LA MASIKA

Katika Chemba mboga za majani hazikosekani wakati wa mvua. Kuanzia Januari mpaka Machi utapata mlenda, mgagani, majani ya kunde na majani ya maboga. Baada ya hapo kiangazi huingia, na mboga mbichi huwa adimu mpaka Novemba. Ndiyo maana mama zetu na bibi zetu hukausha mboga tangu zamani. Mlenda mkavu umetuvusha miaka mingi ya njaa.

Lakini mboga huwa nyingi wakati ule ule ambao mawingu nayo ni mengi. Mama huanika majani juu ya paa asubuhi. Saa nane mvua hunyesha. Hukimbia kuyaanua, na kesho huyaanika tena. Siku ya tatu majani yamekuwa meusi na yana harufu. Kuku nao wamepita juu yake, na vumbi limeingia.

Liko jambo la pili ambalo wengi hatulijui. Jua kali likipiga majani moja kwa moja, huharibu vitamini A. Vitamini hiyo ni ulinzi wa macho ya mtoto. Mtoto anayeikosa hupata shida ya kuona jioni giza linapoanza. Wazee watakumbuka kampeni ya "Chakula ni Uhai" ya mwaka 1975, iliyotufundisha kula mboga kwa ajili ya afya. Mboga iliyounguzwa na jua inajaza tumbo, lakini imekwisha kupoteza sehemu ya faida yake.

Kwa hiyo tunataka vitu viwili kwa pamoja. Tunataka joto la jua, lakini hatutaki jua lenyewe liguse mboga. Hapo ndipo bati jeusi linapofanya kazi.

KIKAUSHIO KINA SEHEMU MBILI

Kikaushio chetu kina sehemu mbili. Sehemu ya kwanza ni sanduku la joto. Ni sanduku refu na la kina kifupi, lililolazwa kwa mteremko juani. Ndani yake mna bati jeusi, na juu yake pamefunikwa kwa kioo au nailoni ngumu inayopitisha mwanga. Sehemu ya pili ni kabati la mboga. Kabati hilo limefungwa pande zote, na ndani yake ni giza. Lina trei za kutandazia mboga.

Jua hupenya nailoni na kupiga bati. Bati hupata moto. Hewa huingia kwa mdomo wa chini wa sanduku, hupita chini ya bati, nayo hupata moto. Hewa ya moto ni nyepesi, kwa hiyo hupanda. Huingia katika kabati, hupita kwenye mboga, huchukua unyevu, kisha hutoka kwa tundu la juu. Hewa nyingine huingia chini mahali pake. Kazi hiyo huendelea mchana kutwa bila kuni na bila mafuta.

Je, nguvu hiyo ni kubwa? Siku isiyo na mawingu, wakati wa adhuhuri, eneo la mita moja kwa mita moja hupokea kwa jua nguvu inayokaribia ile ya pasi moja ya umeme. Fikiri jinsi pasi inavyochoma. Nguvu kama hiyo hutuangukia kila siku juani, nasi hatuitumii.

MAJARIBIO YA MAKOPO MANNE

Kabla ya kununua rangi, fanya majaribio haya pamoja na watoto wako au na wenzako wa kisomo.

Tafuta makopo manne yaliyo sawa. Kopo la kwanza lisugue mpaka ling'ae. La pili lipake chokaa nyeupe. La tatu lipake rangi nyeusi inayong'aa. La nne lipake rangi nyeusi isiyong'aa. Yakikauka, tia maji ya kiasi kimoja katika kila kopo. Yafunike, uyaweke juani mahali pamoja pasipo na upepo. Ngoja saa moja na nusu, kisha tia kidole katika kila kopo.

Utaona kwamba makopo meusi yana maji ya moto kuliko mengine. Kwa nini? Kwa sababu rangi nyeupe na kitu kinachong'aa hurudisha mwanga mwingi. Mwanga uliorudishwa umepotea. Rangi nyeusi huumeza mwanga na kuugeuza kuwa joto. Rangi nzuri nyeusi isiyong'aa humeza sehemu 95 hivi katika kila sehemu 100 za mwanga wa jua.

Lakini sikiliza tena. Kati ya kopo jeusi linalong'aa na lile lisilong'aa, tofauti ni ndogo. Pengine kidole chako hakitaitambua. Rangi isiyong'aa ni bora, kwa hiyo uitafute. Lakini ukiikosa, usiache kazi. Yako makosa mengine yanayopoteza joto zaidi ya hilo, nayo tutayataja.

Jambo hili la kunasa joto si geni duniani. Mwaka 1767 mtaalamu mmoja wa Geneva, Uswisi, jina lake Horace-Bénédict de Saussure, alitengeneza sanduku lenye vioo juu na weusi ndani. Kwa jua peke yake sanduku hilo lilipata joto la zaidi ya digrii 100, yaani joto la kuchemsha maji. Hapa kwetu nako, mwezi Agosti 1977, wataalamu walikutana Dar es Salaam kujadili jinsi nguvu za jua zinavyoweza kutumika katika vijiji vya Tanzania. Jua halijabadilika tangu siku hizo.

RANGI GANI ITUMIKE?

Rangi iliyo bora na rahisi kupatikana ni ile inayopakwa kwenye ubao wa shule. Ubao haupaswi kung'aa, maana mwanafunzi wa pembeni hataona maandishi. Kwa hiyo rangi yake ni nyeusi na imefifia. Hiyo ndiyo tunayoitaka. Waulize wenye duka la vifaa vya ujenzi.

Kama umepata rangi nyeusi inayong'aa, unaweza kuififisha. Kusanya masizi makavu, uyasage, uyachekeche kwa kitambaa. Changanya kidogo kidogo katika rangi. Paka mstari mmoja kwenye kipande cha bati, uache ukauke. Ukiwa bado unang'aa, ongeza masizi. Ukiona rangi inaacha unga mweusi kidoleni, masizi yamezidi.

Kama huna fedha ya rangi, pika gundi nyepesi ya unga, uichanganye na masizi, upake upande wa juu tu. Haidumu kama rangi ya dukani. Itabidi kupaka upya kila mwaka, na mvua isiifikie. Lakini itakuanzisha.

Sasa ndugu msomaji, viko vitu vitatu ambavyo usivitumie.

Kwanza, usitumie oili chafu ya gari. Hapa nitakuambia kosa langu mwenyewe. Kikaushio changu cha kwanza nilikipaka oili chafu, kwa sababu ilikuwa nyeusi na nilipewa bure. Siku ya kwanza bati lilipata moto vizuri, nami nikafurahi. Jioni mke wangu alipika mboga ya majani ya kunde tuliyoikausha. Alionja, akaweka mwiko chini, akaniuliza, "Baba, hii mboga umeikausha au umeipeleka gereji?" Tulimwaga mboga ya wiki nzima. Oili ikipata moto hutoa mvuke, na mvuke huo huingia katika chakula.

Pili, usitumie lami. Nayo hulainika na kunuka juani.

Tatu, usitumie unga mweusi wa betri kuukuu za tochi. Najua katika vijiji vingine unga huo umetumika kupaka ubao. Lakini una madini ambayo vumbi lake likivutwa kwa muda mrefu hudhuru mishipa ya fahamu. Haufai karibu na chakula, wala haufai mikononi mwa watoto.

JINSI YA KUPAKA

Fuata hatua hizi moja baada ya nyingine.

1. Chagua bati. Bati kuukuu lililopoteza mng'ao hushika rangi kuliko bati jipya. Lisiwe na matundu. Bati jembamba linafaa, maana hupata moto upesi. Usitafute chuma kizito. Chuma kizito huchelewa kupata moto asubuhi, na siku ya mawingu mafupi mafupi hakitakusaidia. Kama huna bati zima, pasua madebe, uyanyooshe, uyaunganishe.

2. Osha bati. Tumia sabuni na maji, kisha sugua kwa majivu. Mafuta yakibaki, rangi itabanduka. Bati jipya lisugue pia kwa maji ya limau au siki, uliache kidogo, kisha ulisuuze. Usilitie bati jipya katika moto mkali ili kuondoa mng'ao. Moshi wa rangi yake ya fedha huleta homa na kikohozi.

3. Sugua kwa msasa. Ukikosa msasa, tumia mchanga na gunia. Tunataka uso uwe na mikwaruzo midogo. Rangi hushika penye mikwaruzo.

4. Acha bati likauke kabisa juani.

5. Paka rangi nyembamba. Vuta brashi mpaka rangi ionekane kama imekwisha. Acha ikauke mpaka kesho yake.

6. Paka mara ya pili, nyembamba vile vile. Basi, inatosha.

Watu wengi hudhani kwamba rangi nene hunasa joto zaidi. Sivyo. Rangi nene ni kama blanketi. Joto linalonaswa juu ya rangi hulazimika kupenya blanketi hilo ndipo lifike kwenye bati. Tena rangi nene hupasuka na kubanduka kwa jua. Tabaka mbili nyembamba zinashinda tabaka nne nene, na kopo la rangi linabaki kwa jirani yako.

7. Weka bati lililopakwa katika sanduku, ulifunike, uliache juani bila chakula kwa siku nne au tano. Harufu yote ya rangi itoke. Kila jioni nusa kwenye tundu la juu. Ukisikia harufu, ngoja. Usiweke mboga mpaka harufu iishe.

Paka upande wa juu tu, ule unaotazama jua. Upande wa chini, ambako hewa ya chakula inapita, uache bila rangi. Kwa njia hiyo hewa ya mboga haigusi rangi wala masizi.

KUUNGA SANDUKU

Tuchukue sanduku lenye urefu wa mita 2 na upana wa sentimita 80. Tengeneza kwa mbao, au kwa fito na mbao kuukuu. Kutoka juu kwenda chini, mpango ni huu:

Juu kabisa ni kioo au nailoni iliyovutwa vizuri.

Kisha nafasi ya vidole vitatu. Hewa ya hapa imefungwa, haitoki. Inazuia upepo usipoze bati.

Kisha bati jeusi. Kama ni bati la migongo, migongo iende kwa urefu wa sanduku, jinsi hewa inavyopanda. Migongo huongeza eneo la bati linalogusana na hewa.

Kisha nafasi ya vidole vitatu tena. Hapa ndipo hewa ya kukaushia inapopita.

Chini kabisa ni sakafu ya ubao. Chini ya ubao weka tabaka la maganda makavu ya karanga, maranda au nyasi kavu, ulifungie kwa ubao mwingine au gunia. Tabaka hilo huzuia joto lisitoroke chini.

Ziba nyufa zote za pembeni kwa vipande vya nguo au udongo. Mdomo wa chini uwekee wavu, ili wadudu na panya wasiingie. Kabati la mboga liunganishe kwenye ncha ya juu.

Kumbuka neno hili: joto lililo katika bati bado si faida. Faida ni joto lililoingia katika hewa. Hewa isipoligusa bati vizuri, bati litawaka moto bure, nalo litalirudisha joto hilo juu kwenye nailoni na angani. Kwa hiyo nafasi ya hewa isiwe kubwa kama shimo la mwizi. Vidole vitatu vinatosha.

Hapo utajua pia kwa nini viwanda hutumia rangi ya namna nyingine. Kitu chochote cha moto hutoa joto lake kwa njia ya mionzi. Kaa karibu na ukuta uliopigwa na jua mchana, utasikia joto usoni jioni. Bati jeusi nalo hutoa joto vivyo hivyo. Mwaka 1955 mtaalamu wa Israeli aitwaye Harry Tabor alionyesha rangi za pekee zinazomeza mwanga wa jua lakini hazitoi joto kwa wingi. Rangi hizo hutumika katika mitambo ya kuchemshia maji. Sisi tunakausha mboga, hatuchemshi maji. Joto letu ni dogo, kwa hiyo rangi ya ubao inatosha.

SANDUKU LITAZAME WAPI?

Simika kijiti wima mahali patambarare. Hapa Chemba tazama kivuli chake kama saa sita na nusu mchana, wakati kinapokuwa kifupi kuliko saa zote. Kivuli kikianguka upande wa kusini, jua liko kaskazini. Kikianguka kaskazini, jua liko kusini.

Kuanzia katikati ya Machi mpaka Septemba jua letu la adhuhuri huwa upande wa kaskazini. Kuanzia katikati ya Oktoba mpaka Februari huwa upande wa kusini. Mwanzoni mwa Machi na mwanzoni mwa Oktoba huwa utosini.

Mdomo wa chini wa sanduku uelekeze upande ambao jua liko. Ncha ya juu, yenye kabati, iinue kiasi cha sentimita 60 kuliko ile ya chini. Mteremko huo unasaidia hewa kupanda na mvua kutiririka. Kwa kuwa sanduku hugeuzwa mara mbili kwa mwaka, lisiwe zito kupita nguvu za watu wawili.

KUPIMA JOTO BILA KIPIMAJOTO

Mboga hukauka vizuri katika joto la digrii 45 mpaka 60. Joto likizidi, mboga huungua na kupoteza ladha. Utajuaje?

Kata kipande kidogo cha mshumaa. Kiweke katika kizibo cha soda. Weka kizibo ndani ya kabati, penye trei ya chini. Mshumaa wa kawaida huyeyuka joto likifika kati ya digrii 50 na 60 hivi. Ukilainika bila kuyeyuka wote, joto ni zuri. Ukiyeyuka wote ukawa maji, ongeza ukubwa wa tundu la juu ili hewa ipite upesi. Ukibaki mgumu mchana kutwa wakati jua linawaka, kuna kosa. Tafuta mambo haya:

Nailoni ina vumbi? Katika nchi yetu ya vumbi, hili ndilo kosa la kwanza. Ifute kila asubuhi.

Pembeni panavuja hewa? Washa kijinga, ukizime, upitishe moshi wake pembeni. Moshi ukivutwa ndani, hapo pana ufa.

Rangi imebanduka? Sugua mahali hapo tu, upake upya.

Nailoni imefifia au kuchanika? Jua huila. Ibadilishe.

KUKAUSHA CHAKULA CHENYEWE

Chuma majani asubuhi. Yaoshe kwa maji safi. Yatumbukize katika maji yanayochemka kwa dakika moja au mbili, kisha uyachuje. Yatandaze kwenye trei, yasirundikane. Trei ziwe za fito na wavu safi. Usitumie chandarua chenye dawa ya mbu, maana dawa hiyo si ya kuliwa.

Kwa sanduku la ukubwa tuliosema, anza na kilo tatu za majani mabichi kwa siku ya jua zuri. Usishindilie kilo kumi. Yatashinda na kulala yakiwa mabichi, na ukungu utapata nafasi. Majani yaliyokauka husagika mkononi na kulia kama karatasi. Yaache yapoe, kisha uyatie katika chombo safi chenye kifuniko, uweke mahali penye giza.

Karanga nazo zinafaa. Zing'oe zikikomaa, ukung'ute udongo, uzitandaze na maganda yake. Karanga kavu hulia ndani ya ganda ukiitikisa, na ngozi yake hutoka upesi ukiifikicha. Zilizoota ukungu, zilizosinyaa au zilizobadilika rangi zitupe. Usiwape kuku wala ng'ombe. Usizikamue mafuta. Mbegu za kupanda usizitie humu, zitakufa kwa joto. Zikaushe kivulini.

Je, mahindi? Mahindi ya mavuno ni mengi, sanduku moja halitayaweza. Yaanike juu ya turubai safi, usiyaweke ardhini. Kisha yapime hivi: tia punje kiasi katika chupa kavu, ongeza kijiko cha chumvi kavu, funga, tikisa kwa dakika chache, uache itulie. Chumvi ikigandamana kwenye chupa, mahindi bado ni mabichi. Yarudishe juani. Chumvi isiposhika, yako tayari kuhifadhiwa.

TUANZE PAMOJA

Ndugu msomaji, kikaushio si kitu cha tajiri. Bati kuukuu lipo nyuma ya nyumba nyingi. Maganda ya karanga tunayatupa. Fito zipo. Kitu cha kununua ni kopo moja la rangi, nailoni na misumari. Nyumba tano zikichanga, kopo moja linatosha masanduku yote, maana tumekubaliana kupaka rangi nyembamba. Mkikwama katika ufundi, ulizeni SIDO, Dodoma mjini. Shirika hilo lilianzishwa mwaka 1973 kwa kazi ya kusaidia viwanda vidogo.

Anza na sanduku moja kabla mvua haijaanza. Mboga zikijaa shambani wewe uwe tayari. Kiangazi kikifika, mtoto wako atakula mboga safi isiyo na ukungu, wala harufu ya gereji.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA DARASA

1. Kwa nini mboga huwekwa gizani na bati huwekwa juani?

2. Kwa nini tabaka mbili nyembamba za rangi ni bora kuliko tabaka nne nene?

3. Taja vitu vitatu visivyofaa kupakwa kwenye bati la kikaushio.

4. Leo kivuli cha kijiti kwenu kinaanguka upande gani? Basi sanduku litazame wapi?

MANENO YA KUKUMBUKA

Kunasa: kushika kitu kisitoroke.

Masizi: weusi unaoachwa na moshi kwenye chungu au kibatari.

Sumukuvu: sumu inayotokana na ukungu katika chakula.

Kwa heri, ndugu msomaji. Tuonane mwezi ujao, na mshumaa wako uwe umelainika.